Jina la Kati la Fadhili

"Hilo ni jina la nani?"

Patasi aligutuka, penseli ikamponyoka. Hakuwa amemsikia mkewe akiingia. Mtu akiinamia jiwe huwa kama yumo kisimani, dunia ya juu haimfikii.

"Aa, Sindano! Umeleta chakula? Kaa basi hapo kwenye kigoda, ngoja nikifute."

"Sikai. Nimekuuliza, baba Fadhili. Hilo ni jina la nani?"

Wala hakuwa na haja ya kuuliza. Mezani palikuwa na jiwe jeupe, fupi, lile la kusimamishwa kichwani mwa kaburi. Juu yake, kwa penseli, zilikuwa zimepangwa herufi kubwa zilizonyooka kama askari: FADHILI. Chini yake palikuwa na mstari wa pili uliofutwafutwa mpaka umebaki wingu.

Na Fadhili mwenyewe, mwenye wiki tatu duniani, alikuwa mgongoni kwa mama yake, amelala, mdomo wazi.

"Sindano, ngoja kwanza nikueleze."

"Unieleze nini? Mwanangu anapumua! Msikie! Anapumua hapa mgongoni kwangu, na wewe babake umeshamwandikia jiwe?"

"Natafuta jina la kati! Karani kasema fomu irudi Ijumaa. Nilitaka nione jina gani litakaa vizuri chini ya Fadhili. Mimi siwezi kufikiri jina likiwa hewani, unanijua. Mpaka nilichore, nilione limekaaje."

"Ukaona ulichore kwenye jiwe la kaburi?"

"Ni penseli tu. Inafutika."

"Karatasi zimekwisha duniani?"

"Mkono wangu haujui karatasi, mke wangu."

"Na moyo wangu haujui mawe!"

Akaweka bakuli la chakula chini, pale pale kwenye vumbi. 

"Jina la kati nilikupa mimi tangu siku ya pili. Nilikwambia aitwe Fadhili Sudi. Ukasema nini?"

Patasi aliangalia vidole vyake.

"Nakuuliza, ukasema nini?"

"Nilisema jina lolote lile, ila hilo."

"Kwa nini?"

Patasi aliinama kuokota penseli.

"Kwa nini, baba Fadhili? Sudi alikuwa mwanao. Nilimzaa mimi, ukambeba wewe siku kumi na moja, ukamzika wewe kwa mikono yako. Leo jina lake limekuwa mwiba?"

"Tuyaache, Sindano. Tafadhali."

"Nayaacha. Nakuacha nayo. Nakwenda kwa mama."

Akatoka. Patasi alibaki amesimama na mikono miwili mitupu.

Sasa, watu hawa wawili msiwaone wanagombana mkadhani hawakupendana. Walipendana tangu siku ya kwanza, na siku ya kwanza yenyewe ilikuwa ya ugomvi. Msichana alikuja kuagiza jiwe la marehemu baba yake. Siku ya kulichukua akaliangalia, akasonya. "Majina umeyabananisha hivi, baba yangu atapumua vipi? Mimi nadarizi majina kwenye masweta ya shule kwa sindano, na naacha nafasi. Wewe na patasi nzima unashindwa?" Fundi akacheka mpaka akakaa chini. Akachonga jiwe jingine bure, majina yameachana vizuri. Tangu siku ile yeye ni Patasi na mkewe ni Sindano, na mtaa mzima ulishasahau waliitwaje kabla.

Kisha akaja Sudi, akakaa siku kumi na moja. Siku anazikwa, mama yake alikuwa hospitalini, hajui usiku wala mchana. Hiyo ni miaka mitatu sasa.

Kwa mama yake, Sindano alifika amevimba macho. Bibi, tuseme hivyo maana ndiye bibi yake Fadhili, alikuwa barazani anapepeta choroko. Hakuuliza kitu. Alinyoosha mikono tu, akapokea mjukuu.

"Mwone huyu. Kalala kama mwenye nyumba. Amekula?"

"Amenyonya."

"Na wewe?"

"Sina njaa, mama."

"Sikuuliza njaa, nimeuliza kula."

Sindano akasimulia yote, jiwe, penseli, Fadhili kwa herufi kubwa. Bibi alisikiliza huku anapepeta, choroko zinaruka na kurudi.

"Mkwe wangu kakosea," alisema mwishowe. "Ila kakosea kosa la kazi yake. Mvuvi akikuchumbia atakuletea nini? Samaki."

"Mama, unamtetea na wewe!"

"Simtetei. Namjua."

Simu ikalia. Ujumbe ulikuwa wa wifi yake, dada yake Patasi, mwanamke asiyeweza kuona shughuli ikapita bila yeye kutia mkono.

*Wifi hamjambo. Nasikia jina la kati limewashinda. Mimi nimepata matatu. Stahimili, Msafiri, Jabali. Chagueni moja mnishukuru baadaye.*

"Hebu nisomee tena," Bibi akasema, akaweka ungo chini. "Jina halijaribiwi kwa macho. Jina ni la kupigia kelele. Unalijaribu mlangoni, kama mtoto yuko mbali na uji unapoa."

Akasimama mlangoni na kitoto chake begani, akaita njia nzima isikie:

"Fadhili Stahimiliii! Aka. Lina li nyingi, kama sufuria zinaanguka. Fadhili Msafiriii! Mh. Huyo ameshaondoka kabla uji haujaiva. Fadhili Jabaliii! Na hili nalo, mtoto ana kilo nne, unamtwisha mlima?"

Sindano alicheka bila kupenda, kisha kicheko kikageuka, akaanza kulia.

"Lia, mwanangu. Ukimaliza nina kitendawili."

"Mama, leo sina hamu."

"Kitendawili!"

"Tega basi."

"Nguo nilivishwa sijui hata kukaa. Haifuliwi, haichakai, na nikiondoka siendi nayo."

Sindano alifuta pua kwa ncha ya khanga, akafikiri.

"Sijui. Nakupa mji."

"Nimekwenda mjini, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu lake ni jina. Haya, wewe ni mtu wa nguo. Nguo aliyoiacha mtoto wa kwanza, huvaa nani?"

"Mdogo wake."

"Ehe."

"Si ndiyo ninayosema mimi, mama! Sudi ile nguo hakuivaa hata ikapata kiraka. Siku kumi na moja tu. Nataka mdogo wake aivae. Nilitaka akishaandikwa nimpeleke makaburini, nikamwambie kaka yake, huyu hapa, mmechangia. Sijawahi kwenda, unajua. Mguu ulikuwa hauendi. Baba Fadhili alinielezea tu. Aliniambia nimemwekea jiwe zuri, jeupe, fupi kama yeye mwenyewe, nimemchongea ndege pembe ya kulia, mkia wake umekatika kidogo kwa sababu patasi iliteleza..."



"Endelea," Bibi akasema.

Sindano alizitazama choroko kwenye ungo kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo. Kisha akachukua simu.

"Halo? Sindano? Mke wangu, ahsante umepiga, nilikuwa nataka nije..."

"Ndege yuko pembe gani?"

"Nini?"

"Lile jiwe ulilomwandikia Fadhili. Pembeni palikuwa na ndege. Nilimwona, hasira ikanifumba. Yuko pembe gani?"

Upande wa pili ulisikika upepo, na nyundo ya fundi jirani kwa mbali.

"Patasi. Pembe gani?"

"Kulia."

"Mkia?"

"Umekatika."

"Jiwe la mwanangu liko wapi?"

Akajibu kwa sauti ndogo mno, kama mtoto aliyevunja chungu.

"Liko hapa. Halijawahi kutoka hapa."

"Miaka mitatu."

"Ndiyo."

"Kwenye kaburi lake kuna nini?"

"Kigingi. Na kibati chenye namba."

Sindano akakata simu. Aliiweka chini taratibu, kama kitu cha moto, akamchukua mtoto kwa mama yake, akaingia ndani. Siku ile hakuonekana tena.

Jumatano ujumbe ulikuja mmoja mmoja, maana Patasi kuandika kwa simu kulimshinda kuliko kuchonga.

*Sindano nisamehe.*

*Sikukudanganya kwa sababu sikumpenda.*

*Kila mwezi nachora jina lake nafuta.*

*Nilidhani mwezi ujao nitaweza ndio maana nilikwambia nimeshaweka.*

Na jioni:

*Fadhili analala?*

Huo wa mwisho ndio alioujibu, neno moja: *Analala.*

Bibi aliona, akajifanya hakuona. Ila wakati wa kusuka ukili alisema, kama anauambia ukili wenyewe: "Uongo una aina zake. Kuna wa kuficha kitu, na kuna wa kuficha kwamba huna kitu."

"Uongo ni uongo, mama."

"Ni uongo, ndiyo. Sikusema ni asali."

"Kila usiku kwa miaka mitatu nimefumba macho nikiliona jiwe lile. Ndilo lililonituliza. Kumbe nilikuwa nambembeleza mwanangu kwa jiwe la hadithi, na yeye yuko chini ya namba!"

"Na katika miaka hiyo mitatu," Bibi aliuliza kwa upole, bila kuinua macho, "njia ya makaburini ilikuwa imefungwa?"

Swali lile lililala na Sindano, likaamka naye.

Alhamisi, jua limeshapanda, watoto wa mtaani ndio waliotangulia kupiga kelele. Patasi alikuwa anakuja na toroli. Alilisukuma kutoka karakana, barabara mbili na soko katikati, watu wakimpisha wakidhani kuna msiba. Ndani ya toroli kulikuwa na gunia, na juu yake mfuko wa vyombo vyake vya kazi.

"Shikamoo, mama," alisema barazani, jasho linamtiririka kwenye vumbi la uso.

"Marahaba, mkwe wangu. Umetembea na mzigo mzito."

"Nimeuzoea, mama. Yupo?"

"Yupo. Kama atatoka, sijui."

Alitoka. Mtoto mkononi, uso umekauka.

"Umefuata nini?"

"Sikuja kuomba msamaha na mikono mitupu."

Akalifunua gunia. Jina la Fadhili lilikuwa limeshafutwa. Jiwe lilikuwa tupu, lina ndege tu pembeni, na ndege kweli mkia wake ulikuwa na kasoro.

"Liguse," akasema.

"Sitaki."

"Liguse, Sindano. Hapo katikati."

Aliinama, akaweka vidole. Pale katikati, jiwe lilikuwa limebonyea. Palikuwa na kidimbwi laini, kama sahani, kama mahali pa kuwekea kiganja.

"Hii ni nini?"

"Ni msasa. Mwaka ule wa kwanza nilichonga S. Nikaitazama, nikaona sasa nimemzika kweli. Nikaisugua mpaka ikaisha. Mwaka wa pili nikaichonga tena, nikaisugua tena. Mara nyingine ilikuwa penseli tu, lakini nayo nilisugua, nilisugua kuliko penseli inavyotaka." Akapangusa vumbi juu ya jiwe. "Nimechonga majina ya watu wazima, marefu, ya mistari mitatu. Machifu, walimu, wazee wa watu. Herufi nne zimenishinda. Ndiyo maana niliposikia Fadhili Sudi nikasema ila hilo. Ningeliitaje mezani kila siku, jina nililolikimbia miaka mitatu? Halafu ukasema utakwenda naye kaburini. Nikajua utakikuta kigingi."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa umelala kitandani, hunywi hata maji. Ukaniuliza jiwe likoje. Nikakuelezea nililokuwa nimelikusudia. Ukanywa uji siku ile. Baada ya hapo, kila nikitaka kusema, nauona ule uji."

Watoto wa mtaani walisogea karibu na toroli.

Sindano alikaa chini, pale pale sakafuni barazani, kitoto mapajani. Alikuwa bado ameweka vidole kwenye lile bonyeo.

"Mimi nina hasira na wewe," akasema.

"Najua."

"Hujui. Nina hasira ya mwaka mzima. Usidhani leo imekwisha."

"Nitaingoja."

"Lakini na mimi..." Akatazama miguu yake. "Na mimi nilikuwa na miguu, Patasi. Makaburi hayako nchi nyingine. Uliniambia jiwe lipo, nikashukuru, maana nilipata sababu ya kutokwenda. Wewe ulishindwa kuandika, mimi nilishindwa kusoma."

Patasi alikaa chini upande wa pili wa jiwe. Likawa katikati yao kama meza ya chakula.

"Mkono wangu hauwezi kulianza," akasema. "Ndiyo shida. Nikishika penseli unajua unakwenda wapi, unagoma. Wewe unachora majina ya watoto wa watu kila siku kwenye masweta. Nichoree. Mimi nitafuata mstari wako."

Sindano akampa mama yake mtoto, akaingia ndani, akarudi na chaki ya kushonea, kile kipande bapa cha bluu alichokisahau humo tangu mwaka jana.

Akachora S. Hakuichora kama askari. Aliipinda polepole, kama anavyoipinda kwenye sufu, isije ikavuta kitambaa.

"Kata hiyo," akasema.

Patasi akaweka patasi. Nyundo ikabaki hewani.

"Kata, baba Sudi."

Hakuna aliyemwita hivyo tangu siku ile ya mazishi. Nyundo ikashuka. Kipande kidogo cheupe kikaruka, kikaangukia kwenye khanga ya Bibi. Bibi hakukipangusa.

S. Kisha U. Kila aliyemaliza herufi alimwachia mwenzake nafasi, chaki, patasi, chaki, patasi. Kwenye D machozi yalimtoka Patasi, yakadondoka kwenye vumbi la jiwe, akaendelea kukata. Fadhili aliamka kwa kelele za nyundo. Badala ya kulia alikunja uso tu, akasikiliza, kama mtu anayetaka kukumbuka ameisikia wapi.

I ilikuwa fupi. Ilikwisha mara moja.

Wote wakalitazama jina. SUDI, ndani ya bonyeo, limetulia kama yai kwenye kiota.

"Haya, mkwe wangu," Bibi akasema. "Nyumba hii jina hujaribiwa mlangoni."

"Mama, sidhani kama nitaweza."

"Uji unapoa."

Patasi akasimama. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda mpaka mlangoni, akawapa mgongo. Mara ya kwanza ilitoka hewa tu. Mara ya pili ikatoka Fadhili peke yake. Mara ya tatu akavuta pumzi ya mtu anayeinua gogo:

"Fadhili Sudiii!"

Jina likatoka, likavuka njia, likagonga ukuta wa nyumba ya mbele, likarudi.

"Halijagongana kama sufuria," Bibi akasema.

Sindano alikuwa ameshika nyundo ya mumewe, ameikumbatia kifuani pasipo kujua.

Wakati wa kuondoka, alimtumia wifi ujumbe: *Wifi ahsante kwa majina matatu. Tuliyemtaka alikuwepo tayari.* Wifi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, alijibu bila kuongeza neno: *Sawa mama. Mungu awakuzie.*

Asubuhi ya Ijumaa walipitia makaburini kwanza. Walikuwa watatu na toroli. Hapa sitawaambia walichosema, maana walikisema kwa mtoto wao, si kwetu. Ninachojua ni kwamba kigingi na kibati walirudi navyo ndani ya toroli, na Sindano alitembea kwa miguu yake kwenda na kurudi.

Ofisini karani alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, fomu zimejaa meza.

"Mmebakiza siku moja mngeanza upya, nyie. Haya. Jina la kwanza?"

"Fadhili."

"Jina la ukoo ninalo hapa. Jina la kati?"

Walijibu pamoja, kama wanafunzi.

"Sudi."

"La babu yake?"

Wakatazamana. Patasi akamwachia mkewe.

"La kaka yake," Sindano akasema.

Karani alisimamisha kalamu. "Kaka mtu na mdogo mtu jina moja? Watachanganyana, mama. Ukiita mmoja wataitika wawili."

"Ndivyo tunavyotaka."

Karani aliinua macho juu ya miwani. Akamwona mama, akamwona baba mwenye vumbi jeupe kwenye kucha, akamwona mtoto. Mtu aliyeandika majina ya watu maisha yake yote hahitaji kuambiwa mara mbili. Akainamisha kichwa, akaanza kuandika taratibu, kwa mwandiko wake mzuri wa sherehe.

Alipomaliza Fadhili, akasogeza kalamu kuanza la pili, Patasi aliinamia meza. Alisahau hata adabu ya ofisi.

"Samahani, mama," alisema. "Hapo katikati, acha nafasi kidogo. Wapate kupumua."

Chini ya meza, mkono wenye alama za sindano uliutafuta mkono wake, ukaushika.